Kuku Namba Kumi na Mbili

Mmeniomba niandike habari za kazi ya maabara, nyinyi vijana ambao vyeti vyenu havienei ukutani. Haya, naandika. Ila msitegemee hotuba ya kustaafu. Ile nilishasomewa, wakanipa na kitenge, na kitenge chenyewe kilichuja mara ya pili kukifua.

Nianze na aibu. Nilipoanza kuchungulia nyama ya kuku kwenye darubini nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa sijawahi kumwonja kuku hata siku moja. Chekeni tu. Kwetu Karagwe mwanamke hakula kuku, hakula yai, na kumchinja ndiyo usiseme, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Wenzangu wa shule walishaanza kula kwa kujificha, lakini mimi nililelewa na bibi, na bibi yangu alikuwa ananusa vidole. Kwa hiyo ungenionyesha paja la kuku ningekueleza kila uzi wa nyama uliomo, umepangwaje na unalishwa na mshipa gani. Ungeniuliza kama chumvi imekolea, ningekuambia kamuulize mwanamume.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, cha mifugo, upande wa Kihanga. Ni miaka ile ya themanini ambapo kipande cha sabuni kilipangiwa foleni, na Kyerwa ilikuwa bado ni sehemu ya wilaya ya Karagwe. Umeme hatukuwa nao. Jokofu lilitumia mafuta ya taa na lilikuwa na hasira. Likifuka moshi mweusi unalipigia magoti unalisafisha utambi. Darubini ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa jua. Wingu likitanda, sayansi inasimama na sisi tunakwenda kupalilia migomba. Nyinyi leo umeme ukikatika dakika tano mnaandika malalamiko.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bartolomayo. Wazazi wake walitoka Rwanda wakaja kulima kahawa za watu kule Nyaishozi, na yeye akiwa kijana akachukuliwa kufagia maabara ya hospitali moja ya misheni. Alifagia huku akitazama, mpaka siku moja wakagundua kwamba mfagiaji anakata nyama nyembamba kuliko fundi wao. Shule alikuwa na darasa la nne. Mikono yake ilikuwa na shahada.

Kukata ndiko kazi yenyewe, msidanganyike. Unachukua kipande cha nyama kama punje ya haragwe, unakilaza kwenye dawa kisioze, unakipitisha kwenye spiriti kukikausha maji, halafu unakizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa. Nta ikiganda unaiweka kwenye mashine ya kukatia na kuzungusha mkono. Kinatoka kitu kama utepe, chembamba mpaka ukikohoa kimekwenda. Mimi utepe wangu ulikuwa unajikunja au unachanika. Mzee alikuwa anasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai ya rangi.

"Pumulia, Adelina."

"Nimepumulia, Mzee."

"Hiyo ni pumzi ya kuzima mshumaa. Pumulia kama unavyopasha mikono asubuhi."

Nikapumulia hivyo, nta ikalegea kidogo, utepe ukatoka mzima. Unauinua kwa ncha ya unyoya, unauweka uelee juu ya maji ya uvuguvugu mpaka ukunjuke, kisha unaupokea kwa kipande cha kioo. Halafu Mzee anakwaruza namba ya kuku pembeni mwa kioo kwa kalamu ya almasi, mara moja, bila kutazama daftari. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Sikuwahi kumwona anakosea, na alikuwa anaringa, tena sana, na alikuwa na haki.

Sasa akaja Daktari Msangi. Mpare wa Usangi, daktari wa mifugo, anasomea shahada ya juu kabisa. Alikuwa na swali moja tu: kuku akifungiwa kizimbani asitembee, vile vishipa vidogo vya damu kwenye paja lake, vyembamba kuliko unywele, vinapungua? Kama vinapungua, basi wanaotuhimiza tufugie kuku ndani wajue wanachofanya. Miaka mitatu ya maisha yake ilikuwa juu ya swali hilo, na mke wake alikuwa Morogoro akimwandikia barua fupi fupi.

Zamani, kuona vishipa hivyo, watu walikuwa wanasukuma wino kwenye mshipa mkubwa wa ndege kwa bomba la sindano, wino unasambaa mpaka mwisho. Mzee alituonyesha. Ni njia nzuri kama unapenda kuoga wino. Ukisukuma kwa nguvu mshipa unapasuka. Ukisukuma polepole unagandia njiani. Na vishipa ambavyo vilikuwa vimefunga wakati ule wino hauviingii, kwa hiyo huvihesabu, kwa hiyo unaandika uongo bila kujua.

Daktari alikuja na kichupa, kidogo kama cha wanja. Ndani mlikuwa na lektini. Msitishwe na jina. Ni protini inayotoka kwenye mbegu na mimea; hata maharage yenu mkiyala hayajaiva, ile inayowakata tumbo imo kundi hilohilo. Tabia yake ni moja: inapenda sukari. Kila lektini na sukari yake. Na ukuta wa ndani wa kishipa cha damu umepakwa sukari. Basi unamwagia tone lako juu ya nyama iliyokatwa, lektini inatafuta sukari yake na kuing'ang'ania, iwe kishipa kilikuwa wazi au kimefunga. Imefungwa pamoja na kitu ambacho ukikipa dawa nyingine kinageuka kahawia. Unaosha, unatazama: nyuzi za nyama zimejipanga kama maharage kwenye gunia, na katikati yake vidoa vya kahawia. Kila kidoa kishipa. Unahesabu.

Ile dawa ya kugeuza kahawia, wanasema siku hizi inaleta saratani. Sisi tulikuwa tunaikoroga mikono mitupu huku tunasimuliana habari za harusi. Msituige. Vaeni glavu, wapumbavu nyinyi.

Mara ya kwanza tulipojaribu, kioo kizima kiligeuka kahawia. Chote! Utadhani mtu amemwaga kahawa. Daktari akashika kichwa. Tukarudia, kahawia. Tone moja la kile kichupa lilikuwa na thamani ya baiskeli, na Mpare yule alikuwa analitoa kama anatoa jino lake mwenyewe. Siku tatu tunahangaika, mpaka Mzee Bartolomayo akauliza taratibu, "Daktari, hii dawa yako inapenda sukari. Ute wa yai je, una sukari?"

Yamawe! Nyama ile tulikuwa tunaibandika kwenye kioo kwa ute wa yai, kama mafundi walivyofanya tangu enzi. Na ute umejaa protini zilizobeba sukari. Lektini ilikuwa inakula karamu kwenye gundi. Tukaacha yai, tukatumia jelatini, vidoa vikaonekana safi. Daktari akamshika Mzee mkono kwa mikono miwili. Mzee akasema si kitu, na wiki nzima akatembea kifua mbele.

Jambo lingine, nalo mlishike. Kila tulipopaka kioo kimoja, cha pili cha nyama ileile tulikipaka lektini ambayo kwanza tumeilowesha kwenye sukari yake yenyewe. Aliyekwisha shiba hagombanii chungu. Kioo hicho lazima kitoke cheupe. Kikitoka kahawia, ujue rangi yako inadanganya. Kikitoka cheupe, ujue ile ya kwanza inasema kweli, upende usipende. Mimi sikupenda, nitawaambia kwa nini.

Tulikuwa na majogoo ishirini na wanne, rika moja. Kumi na wawili vizimbani, kumi na wawili wanazurura migombani. Kila mmoja na pete ya bati mguuni yenye namba. Miezi minne, halafu wachinjwe, wakatwe, wahesabiwe. Kulisha wa vizimbani ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa kibarua bado. Daktari alikuwa ameniandikia barua ya kuombea ajira ya kudumu, na barua ilikuwa kwenye droo yake ikisubiri kazi ya kuku iishe vizuri.

Zikiwa zimebaki siku kumi, Daktari yuko Bukoba, akatokea baba mkubwa wangu. Kwa miguu, kutoka Kanoni, na fimbo yake. Huyu ndiye aliyenisomesha.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kuku wote hawa wa nani?"

"Wa serikali."

"Serikali inawafanya nini?"

"Inawahesabu mishipa."

Alinitazama kwa huruma. Akakaa. Nikamletea maji, nikamwambia nimebandika maharage na ndizi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi niliuza ng'ombe wangu mwenye mimba usome. Nimetembea tangu alfajiri. Vizimbani kuna majogoo kumi na wawili. Nami nile maharage."

Nyie mnaweza kusema ningekataa. Hamkumjua baba mkubwa, wala hamjui kwetu mgeni wa uzito ule kupewa maharage mbele ya majogoo kunasemwa hadi matangani. Siku hiyo si ya gulio, pa kununua hapakuwepo. Nikamtoa namba kumi na mbili. Kwa nini kumi na mbili? Kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Baba mkubwa akachinja mwenyewe, mimi nikapika, yeye akala peke yake, firigisi akaimaliza mwishoni kwa heshima.

"Adelina," akasema akijichokoa meno, "kuku huyu laini ajabu. Kama hajawahi kutembea."

Kesho yake nikaenda kwa jirani yetu, Ma Justa. Alikuwa na jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi, pacha wa marehemu, mzururaji hodari, alikuwa anavuka barabara kwenda kupigana na majogoo wa watu. Nikamwachia doti yangu mpya ya khanga. Nikamvisha pete namba kumi na mbili, nikamfungia kizimbani. Alinitukana siku zote kumi.

Wakachinjwa, wakakatwa, wakapakwa. Wa vizimbani vidoa vichache, wazururaji vidoa tele, vizuri mno, Daktari anapiga mluzi. Mpaka tukafika namba kumi na mbili.

"Hii nini?" akasema Daktari.

Nikachungulia. Paja lile lilikuwa limejaa vishipa kama jogoo aliyekwenda Kyerwa na kurudi kwa miguu. Tukatazama kioo chake cha pili, cha lektini iliyoshiba: cheupe pepepe. Akarudia kwa matone ya mwisho mwisho ya kichupa. Vilevile. Lektini haikujua baba mkubwa wala ng'ombe mwenye mimba.

"Rangi haijakosea," Daktari akasema. "Basi lebo imekosewa." Akageuka. "Mzee, hiki si kioo cha mzururaji kweli? Hukuchanganya?"

Mzee Bartolomayo akakichukua kioo, akakigeuza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka hapo, na ulimi ninao.

"Labda," Mzee akasema. "Sikumbuki kuchanganya. Lakini labda."

"Kama umechanganya hiki, na vingine je? Nitaviamini vipi?"

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alisema kwa upole kwamba Mzee amefanya kazi nyingi, macho yana mwisho wake, na pale getini panahitajika mtu wa kuandika wageni, kazi ya kukaa. Mzee akaitika ndiyo, ndiyo, akikung'uta nta kwenye kidole ambacho hakikuwa na nta.

Nikaenda nyumbani. Nilijiambia maneno yote ambayo mwoga hujiambia. Mzee ana shamba lake la kahawa, mimi nina nini? Getini si kufukuzwa. Barua yangu iko kwenye droo. Kesho yake nikaja kazini nikanyamaza tena. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini nawaapia siku ile niliiona ndefu.

Siku ya pili jioni Mzee akaniita. Alikuwa amevipanga vioo vyote mezani, mamia, kwa safu.

"Adelina, una macho mazuri. Nisaidie. Soma namba, mimi nitazame daftari. Nataka kujua nimeharibu vingapi."

Nikaanza kusoma. Moja, sawa. Mbili, sawa. Kila akisema sawa alikuwa anashusha pumzi, kisha anaogopa inayofuata. Mtu aliyenifundisha kupumua juu ya nta! Nilifika namba sita nikashindwa. Nililia kama mtoto, kamasi na yote, nikatoka mbio mpaka kwa Daktari, hata sikubisha hodi.

"Daktari, namba kumi na mbili siye namba kumi na mbili. Namba kumi na mbili aliliwa. Mimi ndiye niliyempika. Mzee hajakosea chochote."

Akaweka kalamu chini.

"Alikuwa mtamu?"

"Sijui, Daktari. Mimi sili kuku."

Akanitumbulia macho. Midomo ikamcheza, nikadhani atacheka, hakucheka. Akafungua droo, akaitoa barua yangu ya ajira, akaichana vipande vinne bila haraka. Ukweli niwape: iliuma, na alifanya sawa. Nilikaa kibarua mwaka mzima mwingine kabla hajaandika nyingine, na vizimba nilinyang'anywa funguo siku ileile. Katika maandishi yake akamwondoa kuku yule, akaeleza kwamba alibadilishwa. Wa vizimbani wakabaki kumi na mmoja. Jibu lake lilisimama hata hivyo, akapata shahada yake, akarudi kwa mke wake.

Halafu nikaenda kwa Mzee. Alikuwa bado mezani na vioo vyake, amekwisha sikia. Ukuta ulikuwa wa mbao.

"Nisamehe, Mzee."

"Kuku nini," akasema. "Kuku huliwa. Hata mimi ningemchinja, kwa mgeni kama yule." Akavikusanya vioo polepole, kimoja juu ya kingine. "Ila ulinyamaza siku mbili, Adelina. Siku mbili nimelala na kuamka nikiamini mikono yangu imekufa."

Alinisamehe, msidhani hakunisamehe. Tulifanya kazi pamoja miaka sita tena, tukicheka, akinitania kwa baba mkubwa na firigisi. Getini hakwenda. Lakini tangu siku zile akimaliza kukwaruza namba alikuwa anafungua daftari, anasoma namba, anasoma kioo, kisha anarudia tangu mwanzo, midomo ikimchezacheza. Kila kioo, mpaka siku aliyostaafu. Hakuwa amekosea hata kimoja, nami nilikuwa nimekaa palepale pembeni yake, nikingoja amalize kuhakikisha.